Ingres au Sargent: Ipi Uinakili Kwanza Unapojifunza Kuchora Sura kwa Rangi za Mafuta

Yeyote anayejifunza kuchora sura ya mtu kwa rangi za mafuta hufika mahali ambapo kuchora kutoka kwenye picha za simu hakumwongezei tena ujuzi, kwa sababu kamera imekwisha kumwamulia kila kitu: mwanga uishie wapi, kingo zilainike wapi, na kipi kibaki gizani. Njia ya zamani ya kuvuka hapo ni kukaa mbele ya kazi ya bingwa na kuirudia kipande kwa kipande, mpaka mkono uelewe kile ambacho jicho lilikuwa likikipita bila kukiona. Mabingwa wenyewe walipitia njia hiyo. Jean-Auguste-Dominique Ingres alinakili kazi za Raphael, na John Singer Sargent alikwenda Madrid mwaka 1879 kunakili kazi za Velázquez katika jumba la makumbusho la Prado, kisha mwaka uliofuata akaenda Haarlem, Uholanzi, kwa ajili ya kazi za Frans Hals.

Wanafunzi huniuliza waanze na kazi gani, na mara nyingi huwa tayari wamevutiwa na mojawapo ya picha mbili za wanawake vijana za karne ya 19, ambazo zote zimo katika Metropolitan Museum of Art jijini New York. Ya kwanza ni Princesse de Broglie, aliyoichora Ingres kati ya mwaka 1851 na 1853. Ya pili ni Madame X, aliyoichora Sargent mwaka 1883 na 1884. Tangu Februari 2017 jumba hilo limeruhusu mtu yeyote kupakua na kutumia bure picha za kazi zake ambazo hakimiliki zimekwisha, kwa hiyo mwanafunzi aliyeko Mwanza au Mombasa anaweza kuivuta picha kamili kwenye kompyuta yake na kuikuza mpaka aone ukingo wa kidole kimoja.

Ushauri wangu nautoa mapema, kisha nitaueleza. Anayeanza achague Ingres, na achukue sehemu moja tu ya picha hiyo. Madame X asubiri mpaka mkono uwe umekomaa. Najua ushauri huu unakwenda kinyume na jinsi picha hizo zinavyoonekana kwa mara ya kwanza, kwa maana ya Ingres imejaa satini, lesi, lulu na vito, na humtisha mtu kabla hajashika brashi, ilhali ya Sargent ina gauni jeusi, ukuta wa kahawia na meza ndogo, na humfanya mtu adhani ataimaliza haraka.

Aliyechorwa na aliyechora

Mwanamke wa Ingres ni Pauline de Broglie, aliyezaliwa mwaka 1825 na kuolewa na Albert de Broglie, mwanahistoria na mwanasiasa ambaye baadaye, katika miaka ya 1870, aliongoza serikali ya Ufaransa. Amesimama nyuma ya kiti cha kitambaa cha manjano, mikono yake miwili imepandana juu ya mgongo wa kiti, na amevaa gauni la dansi la satini ya bluu lenye mikunjo mingi. Juu ya kiti zimewekwa glavu, upepeo na shali ya jioni, kana kwamba anakaribia kutoka au ndiyo kwanza amerudi. Ingres alikuwa amepita umri wa miaka 70. Hakukurupuka: alitengeneza michoro ya matayarisho, na mmojawapo unamwonyesha mwanamitindo aliyesimama katika pozi lile lile bila nguo, ili mchoraji aujue mwili kabla ya kuuvika gauni.

Pauline alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1860, akiwa na miaka 35. Mumewe alihuzunika kiasi kwamba aliifunika picha hiyo kwa pazia, nayo ikabaki mikononi mwa familia kwa karibu miaka 100 kabla ya kununuliwa na Robert Lehman, ambaye mkusanyo wake ndio ulioifikisha katika jumba la New York. Nalitaja jambo hili kwa sababu linaeleza namna picha ilivyochorwa. Hii ilikuwa picha iliyoagizwa na familia, na familia ilitaka kumwona mtu wao pamoja na kila alichovaa siku ile. Ingres hakuwa na ruhusa ya kuacha kitu kikielea. Kila lulu ina nuru yake na kivuli chake, kila mkunjo unajulikana umeanzia wapi na umeishia wapi, na ukipotea njiani katika kunakili, jibu lipo mbele yako.

Kisa cha Sargent ni tofauti kabisa. Virginie Amélie Avegno alizaliwa New Orleans mwaka 1859, akakulia Paris na kuolewa na Pierre Gautreau, mtu wa benki. Alikuwa akisifika mjini kwa uzuri wake, kwa namna alivyojipodoa mpaka ngozi ikawa na weupe wenye urujuani kwa mbali, na kwa nywele alizozitia hina. Hakuna aliyemwagiza Sargent amchore. Sargent ndiye aliyeomba, akitaraji kwamba picha hiyo ingemfungulia milango. Majira ya joto ya 1883 alikwenda kwenye nyumba ya familia hiyo huko Brittany, akachora mchoro baada ya mchoro akilitafuta pozi, na katika barua kwa rafiki akalalamika kuhusu uvivu wa bibi huyo na uzuri ambao brashi inashindwa kuushika. Wakati huo alikuwa na miaka 27.

Picha ilipoonyeshwa mwaka 1884 katika Salon, maonyesho makubwa ya sanaa ya Paris, ilizua fedheha. Kamba moja ya gauni ilikuwa imeshuka begani, na watu waliokuwa wakimjua bibi huyo walimtambua mara moja ingawa jina lake lilikuwa limefichwa. Mama yake aliomba picha iondolewe. Baadaye Sargent aliichora upya kamba ile ikiwa mahali pake juu ya bega, akahamia London, na akakaa na picha hiyo miaka mingi mpaka alipoiuza kwa jumba la New York mwaka 1916, mwaka mmoja baada ya Amélie kufariki, huku akiandika kwamba anadhani ndiyo kazi bora aliyowahi kufanya.

Kwa mnakili, maana yake ni hii: unachokiona katika Madame X ni matokeo ya mtu aliyekuwa akitafuta, akibadilisha na kufuta. Kwa maelezo yake mwenyewe katika barua, siku moja hakuridhika na ukuta wa nyuma uliokuwa na huzuni, akaupaka rangi nyepesi ya waridi, akaigeuza picha juu chini, akaenda upande wa pili wa chumba na kuitazama kupitia chini ya kwapa lake, ndipo akaona imeboreka sana. Ukuta ule unaoonekana kama rangi moja ya kahawia una tabaka za maamuzi ndani yake. Mwanafunzi akichanganya kahawia moja na kuipaka kuzunguka mwili, hupata kitu kilichokufa, na hajui kwa nini.

Ngozi na mstari wa mwili

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo. Ingres aliweka mwanga unaotoka mbele, wenye utulivu, na vivuli vyake ni vichache na vyepesi. Uso wa Pauline ni kama yai lililopangwa vizuri: nywele zimegawanywa katikati na kulazwa pembeni, macho yana kope nzito kidogo, na shavu linageuka kutoka kwenye mwanga kuingia kivulini kwa hatua ndogo ndogo zisizoonekana. Kazi hii ni ngumu, ila ni ngumu kwa namna inayomsamehe mwanafunzi, kwa sababu inajengwa kwa tabaka. Unapaka tabaka la kwanza kwa kijivu na kahawia, unalisubiri likauke, unaweka rangi ya ngozi juu yake kwa wembamba, unasubiri tena, na kosa la wiki hii hurekebishwa na tabaka la wiki ijayo. Nyayo za brashi hazionekani, kwa hiyo hakuna anayekudai uwe na mkono wenye kasi.

Ninapenda kuwaonyesha wanafunzi mkono wa Pauline uliolala juu ya kiti. Ukiutazama kwa karibu, utaona kwamba vidole havina mifupa ya kutosha. Ni laini, vimenyooshwa kidogo kupita uhalisia, na mkono mzima una mviringo unaotiririka kutoka begani bila kiwiko kuutatiza. Ingres alipenda mstari mzuri kuliko ukweli wa mwili, na mnakili anapaswa kulijua hilo ili asijilaumu anapoona umbo haliendani na mkono wake mwenyewe kwenye kioo. Kwenye kifundo kuna lulu zilizozungushwa, na mahali lulu zinapogusa ngozi pana kivuli chembamba kama uzi. Kivuli hicho kimoja kinafundisha mengi kuhusu jinsi kitu kinavyokaa juu ya kitu kingine.

Ngozi ya Madame X ni jambo jingine. Wataalamu wa jumba hilo walioichunguza walikuta kwamba kwa ngozi ile Sargent alitumia nyeupe ya risasi, nyekundu mbili, kijani na nyeusi ya mfupa. Kijani na nyeusi ndani ya ngozi ya mwanamke mweupe! Anayeanza hawezi kuamini mpaka ajaribu, lakini ndizo zilizoipa ngozi ule ubaridi wa poda, na ndizo zinazolifanya sikio, ambalo halikupakwa poda na lina wekundu wa damu, liwake kama kaa. Kifua, mabega na mikono ya Amélie ni karibu eneo moja la mwanga lenye mabadiliko madogo sana ndani yake. Umbo lote linabebwa na ukingo: mstari wa paji la uso, pua ndefu, kidevu, shingo inayogeuka huku mwili ukitazama mbele. Ukikosea ukingo wa pua kwa unene wa kucha, unapata mwanamke mwingine. Hapo hapana lulu wala lesi ya kulivuta jicho likasahau kosa.

Sargent alifunzwa na Carolus-Duran, aliyewataka wanafunzi waweke rangi sahihi mahali pake moja kwa moja kwa brashi, bila kujificha nyuma ya mchoro uliokamilika wala tabaka nyingi. Kwa hiyo anayemnakili Sargent anatakiwa aone, aamue, achanganye na aweke, kisha aache. Akirudiarudia juu ya rangi mbichi, ngozi inakuwa tope. Nimeona vijana wenye kipaji wakikata tamaa kwa picha hii wakidhani tatizo ni wao, wakati tatizo ni kwamba wameanza na ngazi ya juu.

Nguo

Satini ya bluu ya Ingres ndiyo sababu nyingine ya kumpendekeza. Satini ina sheria zinazofundishika: mwanga mkali kwenye mgongo wa mkunjo, giza la ghafla pembeni mwake, kisha mwanga wa pili uliofifia ndani ya kivuli kwa sababu kitambaa kinajirudishia nuru chenyewe. Ukiyafahamu hayo matatu, unaweza kuchora hariri, kitenge kipya chenye wanga, hata buibui la kitambaa kinachong'aa. Gauni la Madame X lina mahameli juu na satini chini, vyote vyeusi, na kutofautisha weusi wa mahameli unaomeza mwanga na weusi wa satini unaourudisha, bila kutumia rangi nyingine ya kuonekana, ni kazi ya mtu aliyekwisha kuzijua rangi zake.

Ukubwa, vifaa na hali ya hewa yetu

Picha ya Ingres ina sentimita 121.3 kwa 90.8, kwa hiyo nusu yake ni takriban sentimita 60 kwa 45, kanvasi inayokaa mezani na kubebeka kwenye daladala. Ya Sargent ina sentimita 208.6 kwa 109.9, na mwanamke amesimama humo kwa kimo cha mtu halisi. Ukiipunguza nusu, kanvasi bado inazidi mita moja kwa urefu, na ukiipunguza zaidi, zile kingo zinazoibeba picha nzima zinakuwa nyembamba mno kwa brashi ya kawaida.

Kuhusu rangi, nyeupe ya risasi iliyotumiwa na wachoraji wa karne ile ni sumu, na sioni sababu ya mwanafunzi kuitafuta. Nyeupe ya titani inatosha, ingawa ina nguvu zaidi na inapaswa kutiwa kidogo kidogo. Kwa Ingres utahitaji bluu, manjano ya udongo, kahawia, nyekundu na nyeusi kidogo. Kwa Sargent utahitaji nyeusi ya mfupa kwa wingi, na hiyo ni miongoni mwa rangi zinazochelewa sana kukauka. Rangi za mafuta hazikauki kwa kupoteza maji kama ukuta uliopakwa chokaa; mafuta ya kitani hushikana na hewa na kugeuka magumu polepole, na kwenye pwani yenye unyevunyevu, hasa wakati wa masika, kanvasi yenye nyeusi nyingi inaweza kubaki ikinata huku vumbi likijibandika juu yake. Iweke mahali penye hewa na mwanga, na kila tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini ili rangi isije ikapasuka. Rangi ya mafuta ya kopo, ile ya kupaka milango na mageti, haifai kwa kazi hii, kwani inakauka haraka mno na haikupi nafasi ya kulainisha kingo.

Nani achague Sargent

Wapo ambao ningewaambia wamwache Ingres. Mtu ambaye tayari anachora watu kwa mkaa au penseli kila siku, anayeweza kukamata sura ya abiria kabla hajashuka kituoni, ana jicho la ukingo ambalo Sargent anadai, na kwa Ingres atachoka kusubiri tabaka zikauke. Vilevile anayetaka kujipatia riziki kwa kuchora sura za watu kwa oda atafaidika zaidi na Sargent hatimaye, kwa sababu wateja hawawezi kukaa miezi, na namna ya kuweka pigo moja la brashi na kuliacha ndiyo itakayomlisha. Hata huyo ningemshauri aanze na kichwa na shingo tu, kwa ukubwa halisi, na aache gauni.

Jambo ambalo picha zote mbili hazifundishi

Kuna kasoro ambayo lazima niitaje, kwa maana inanigusa. Pauline na Amélie ni wanawake weupe, mmoja akiwa amejipodoa juu ya weupe wake, na mwanafunzi wa hapa atakayejifunza kwao peke yao atakapomketisha dada yake au mama yake mbele ya kanvasi atajikuta hana msaada. Wengi huchukua kahawia na kuongeza nyeupe kwa ajili ya mwanga, na ngozi inageuka majivu. Ngozi nyeusi haipokei mwanga hivyo. Mwanga juu yake ni mkali na una rangi ya kile kinachoiangaza, uwe ni anga la dirishani au kitambaa cheupe kilicho karibu, na vivuli vyake vina joto la nyekundu na machungwa ndani.

Kwa hilo nawaelekeza kwenye picha ya tatu, iliyopo Louvre, Paris, iliyochorwa na Marie-Guillemine Benoist na kuonyeshwa katika Salon ya mwaka 1800. Ina sentimita 81 kwa 65. Aliyechorwa ni mwanamke kijana kutoka Guadeloupe, aliyeletwa Ufaransa na jamaa wa mume wa mchoraji. Ufaransa ilikuwa imefuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1794, na Napoléon akaurejesha mwaka 1802, hivyo picha hii ilichorwa katika miaka michache ile ambapo mwanamke huyo alihesabiwa huru kisheria. Salon ilimwita kwa rangi yake tu. Maonyesho ya Paris ya mwaka 2019 ndiyo yaliyoirudishia picha jina lake, Madeleine, zaidi ya karne mbili baadaye. Anatutazama usoni, na kilemba chake cheupe kinatupa nuru kwenye paji la uso na shavu kwa namna ambayo sijaona mwalimu yeyote akiieleza vizuri zaidi kwa maneno. Titi moja liko wazi, kwa hiyo kwa darasa la sekondari ningekata sehemu ya kichwa, kilemba na shingo, na sehemu hiyo inatosha kabisa kwa somo.

Je, Madeleine atangulie basi? Kwa anayejua kwamba atachora watu wa kwao maisha yake yote, nashawishika kusema ndiyo, ila kwa sharti moja: awe amekwisha kuchora angalau kipande kimoja kwa tabaka, kwani Benoist, aliyefunzwa na Jacques-Louis David kama Ingres, alijenga ngozi kwa utaratibu unaofanana, na anayeujua utaratibu huo huona kwa urahisi alichokifanya.

Kwa hiyo chukua kanvasi ya sentimita 50 kwa 40. Kata kutoka Princesse de Broglie sehemu ya mikono miwili juu ya kiti, pamoja na satini iliyo nyuma yake na ukingo wa kitambaa cha manjano. Gawanya picha na kanvasi kwa miraba iliyo sawa kwa idadi, chora mistari kwa penseli nyepesi, na usianze rangi mpaka vidole vyote vimekaa mahali pake. Tabaka la kwanza liwe la kahawia na nyeupe tu, jembamba, bila bluu yoyote. Likikauka kiasi cha kutonata kidoleni, anza na satini na uiache mikono kwa mwisho, kwa sababu bluu ikishakuwepo ndipo utakapoona ngozi inahitaji joto kiasi gani. Lulu ziwekwe siku ya mwisho kabisa: kwanza kijivu cha duara, kisha nukta moja ya nyeupe, kisha kile kivuli chembamba chini yake.